Mama Video na Nyuso za Vitambaani

Mtaani kwetu Mandewa tulimwita Mama Video. Jina lake la kwenye kitambulisho nililijua baada ya miaka mitatu ya kumshonea, nikalisahau wiki hiyo hiyo, maana hakuna aliyelitumia. Hata mjumbe wetu wa mtaa, alipokuwa anaandikisha kaya, aliandika tu "Mama Video, nyumba ya bati jekundu", akapita.

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kiko kando ya barabara, na alifika pale asubuhi moja yenye upepo, huu upepo wetu wa Singida unaomfanya mtu ashike sketi kwa mkono mmoja na mzigo kwa mkono wa pili. Alishuka kwenye pikipiki, akafungua kamba, akanibwagia mezani jora zima la marekani, kile kitambaa kizito cheupe kisicho na urembo wowote. Alitaka niunganishe vipande vinne viwe kimoja na mshono usionekane.

"Shuka la nani hili kubwa namna hii, dada?"

"La watu kama ishirini."

Niliweka mkasi chini. Marekani nyeupe, watu ishirini. Nikadhani ni sanda. Aliuona uso wangu akacheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza.

"Hapana, fundi. Hakuna msiba. Nataka kuwaweka humo watu wanaoongea."

Sikuelewa, nikashona tu. Nilielewa wiki mbili baadaye, aliponipeleka kwenye ghala moja lililokuwa la alizeti. Ilikuwa mchana kweupe lakini ndani alikuwa ameziba madirisha kwa mablanketi, na vitambaa vyangu vilikuwa vimening'inia kutoka kwenye kenchi za paa. Akawasha mashine zake. Bibi mmoja wa Iramba akatokea kwenye kitambaa cha kwanza, mkubwa kuliko mlango, anaeleza jinsi mama yake alivyoficha mbuzi pangoni siku watoza kodi wa mkoloni walipokuja kijijini. Kwenye kitambaa cha pili ilikuwa mikono ya bibi huyo tu, inachambua kunde. Cha tatu kilionyesha pango lenyewe, tupu, nyasi za mlangoni zikitikisika. Nikapita katikati yao, na kabla sijajijua nimesema, "Shikamoo, bibi."

Nilimwamkia kitambaa. Nikageuka kwa aibu. Mama Video hakucheka.

"Wengi huwa wanaamkia," alisema.

Kazi iliyompa jina ilikuwa ya harusi. Harusi, kipaimara, mahafali, maulidi, alipiga video zote za mji huu kwa miaka mingi. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja. Katikati ya sherehe kamera yake ilimwacha bibi harusi, ikaenda kwa wapishi nyuma ya nyumba, au kwa mzee aliyekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki anahangaika na mfuniko wa soda. Nilikuwepo siku mfanyabiashara mmoja wa mjini alipomjia juu kibarazani kwangu.

"Mama Video, nimeangalia video ya harusi ya binti yangu. Huyu shangazi yangu amekaa humo karibu nusu saa! Hata keki imeonekana kidogo kuliko yeye."

"Keki haikuwa inasema kitu."

"Shangazi naye hakuwa anasema kitu!"

"Alikuwa anaimba, mzee. Kwa sauti ndogo. Ongeza sauti ya televisheni utasikia."

Yule baba aliondoka anasonya. Mwaka uliofuata shangazi alifariki, na nikaona gari la yule mfanyabiashara limesimama nje ya nyumba ya bati jekundu. Alikuwa amekuja na ndugu zake sita. Mama Video aliwatandikia mkeka, akawawekea ile nusu saa, akatoka nje kufua. Hakumkumbusha yule baba neno lolote.

Watu waliosoma walikuja kumwona kutoka Dodoma na Dar es Salaam, na wengine kutoka ng'ambo, na kila mmoja alikuwa na jina la kuipa kazi ile. Mmoja aliiita sanaa ya usimikaji. Walipoondoka Mama Video alilirudia neno hilo siku nzima. "Usimikaji! Kama nguzo ya umeme." Yeye aliiita kazi, basi. Afisa mmoja wa utamaduni, kijana mwenye adabu, alimuuliza aandike nini kwenye fomu yake, filamu au maonyesho. Akamjibu, "Andika kutembelea watu." Kijana akaandika. Nadhani fomu hiyo ipo mpaka leo kwenye faili mahali fulani.

Alichokuwa anatafuta, kama nilivyokuja kumwelewa, ni habari za waliohamishwa. Nani aliondoka hapa kwetu, nani aliletwa, aliyetoa amri ni nani, na waliobaki walibaki na nini. Kule Manyoni, kwenye ghala karibu na stesheni, aliweka vitambaa vyangu virefu vyembamba kama mapande ya barabara, na juu yake wazee walisimulia ile reli ya kuja huku kwetu, ambayo Mwingereza aliijenga, kisha akaing'oa mwenyewe akaipeleka kusini kwa mambo yake. Mzee mmoja aliyekuwa mtoto wakati huo alisema kilichomuuma si reli kuondoka. Kilichomuuma ni kwamba baba yake alikuwa mmoja wa walioitandika, na alikuwa mmoja wa waliolipwa kuing'oa. Halafu treni ya mizigo ikapita nje, vitambaa vyote vikatetemeka, na mama mmoja akapiga kelele akidhani imeingia ndani.

Si kila kazi yake niliipenda. Alikwenda Mkalama akapiga picha ya ukuta wa boma la Mjerumani kutwa nzima, tangu jua linatoka mpaka linazama, na akataka tuuangalie ukuta huo. Nikamwambia wazi, "Dada, hapa hakuna kinachotokea."

"Unaona hao kina mama wanaopita na kuni?"

"Nawaona."

"Hakuna hata mmoja anayepita karibu na ukuta. Wote wanazunguka. Niliwauliza kwa nini, hawajui. Hata mama zao walizunguka."

Nikautazama tena. Ni kweli walikuwa wanazunguka.

Lakini siku ile ile aliyokuwa anautazama ukuta wa Mkalama ilikuwa siku ya kipaimara cha binti yangu. Aliniahidi kuja kupiga video, bila mimi kumwomba. Tulimsubiri kanisani, tukamsubiri nyumbani, pilau ikapoa. Alikuja siku ya tatu na kuku wawili wa kienyeji, akasema alisahau. Ndivyo alivyokuwa. Angeweza kukaa na ajuza asiyemjua saa tano bila kuangalia simu, akingoja akumbuke jina la mto, na sisi majirani zake, tuliomchotea maji alipougua malaria, akatusahau kama mwavuli. Na aliwauliza watu wote kwao ni wapi, baba zao walikuja kwa njia gani, babu zao walizikwa upande upi. Ukimuuliza yeye kwao ni wapi alionyesha kwa kidole. "Pale nilipoegesha pikipiki."

Nimesema haya ili ieleweke kwamba nilimjua vizuri, na kwamba nilijua ninampeleka mtu wa namna gani nyumbani kwa baba mkubwa wangu.

Baba mkubwa alikuwa kaka wa marehemu baba yangu, na aliishi Mwankoko na mama mkubwa, wanae na wajukuu. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kukata mkonge. Alikuwa mmoja wa manamba, wale waliopakiwa kwenye malori na treni wakapewa kibati chenye namba badala ya jina, na kadi ya kipande ya kuhesabia siku za kazi. Namba yake aliikumbuka mpaka uzeeni. Alikuwa anaitaja kwa utani anapoitwa kula. Mama Video alipopata habari kwamba nina baba mkubwa wa namna hiyo, hakunipa amani. Nikampeleka.

Alimrekodi siku tatu. Siku mbili za kwanza nilikuwepo. Baba mkubwa alieleza miiba ya mkonge, nyapara aliyekuwa na filimbi, jinsi walivyolala wanane chumba kimoja, Mnyaturu, Mmakonde, Mha, Mbena, na kila mmoja akiota kwa lugha yake. Nilicheka sana. Siku ya tatu sikwenda, maana ilikuwa Januari na nilikuwa na sare za shule hadi shingoni. Siku hiyo walikuwa wawili tu, chini ya kivuli cha nyumba, na siku hiyo ndiyo mzee alimweleza jambo ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu wa kwetu. Kule mkongeni alikuwa na mke na mtoto mchanga wa kike. Alipata habari kwamba baba yake amefariki, akaja kumzika, na hakurudi tena. Mtoto huyo alimpa jina la mama yake mzazi, jina lile lile alilompa baadaye binti yake wa hapa nyumbani.

Alipomaliza alimwambia Mama Video, "Haya nimekuachia wewe."

Maonyesho yalifunguliwa mjini, Jumamosi, saa nne asubuhi. Baba mkubwa hakuja kwa sababu ya miguu, lakini familia ilikuja kwa gari la kukodi, wamevaa kama wanakwenda harusini. Mama mkubwa alikuwa na kitenge kipya nilichomshonea mwenyewe. Waliingia wanasukumana kwa furaha wakimtafuta baba yao. Wakamkuta kwenye kitambaa cha mwisho, uso wake umejaa kutoka juu mpaka chini, anazungumza polepole. Wakatulia kumsikiliza. Akamtaja yule mwanamke wa mkongeni. Akamtaja mtoto.

Mwanae wa kwanza alisema, "Anasema nini huyu?"

Nilimshika mama mkubwa mkono. "Mama, twende nje ukapumzike."

"Subiri," alisema. "Jina la mtoto sikulisikia vizuri. Itarudi?"

Picha zile zilikuwa zinajirudia zenyewe, zikiisha zinaanza upya. Nikamwambia itarudi baada ya kama robo saa. Akasimama palepale, mkoba kifuani, akaisikiliza yote tena, miiba, nyapara, vyumba, mpaka jina lilipofika. Alilisikia. Akatikisa kichwa mara moja, akatoka, akaenda kukaa kwenye gari. Mwanae akashika kitambaa kwa mikono miwili akakivuta, kikachanika kutoka juu, na uso wa baba mkubwa ukaangukia ukutani, kwenye matofali, bado unaongea.

Mama Video alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya karanga za wageni. Hakujitetea. Alikwenda akazima mashine moja baada ya nyingine.

Jioni hiyo mama mkubwa alimtengea mumewe chakula kama siku zote, akaketi mbele yake, akataja lile jina. Baba mkubwa hakula. Kesho yake alinituma kwa Mama Video. "Mwambie asikanyage kwangu. Nilimwachia anitunzie. Sikumwambia atangaze."

Nilifikisha ujumbe kama ulivyo, na baada ya hapo sikusema naye tena. Ndugu zangu walinilaumu mimi niliyempeleka, nao walikuwa na haki. Vitambaa vilivyobaki kwangu nilivikunja nikavitupa chini ya meza. Miezi minne ikapita. Akipita barabarani naangalia sindano.

Kisha asubuhi moja akaegesha pikipiki, akaja akakaa kwenye benchi la wateja.

"Umefuata vitambaa?" nilimuuliza.

"Nimekuja kukaa."

Akakaa. Nilishona gauni zima. Adhana ya adhuhuri ilipolia ndipo akafungua mdomo.

"Alisema haya nimekuachia wewe. Nimesikiliza sauti hiyo sijui mara ngapi. Wakati ule nilisikia amenipa. Sasa nasikia ameniomba nimshikie." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi kazi yangu ni kusikiliza, fundi. Na pale sikusikia."

"Usiniambie mimi. Kamwambie mama mkubwa."

"Atanifungulia mbwa."

"Hana mbwa."

Tulimkuta mama mkubwa shambani, mbali na nyumba, anapalilia uwele. Hakuacha jembe. Mama Video alimwamkia, akapiga goti kwenye mchanga, akasema yote aliyoniambia, naye akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari, akageuka, akaanza mstari mwingine kuja upande wetu. Alipofika karibu ndipo akasema.

"Uliyemleta kwangu kwa kitambaa, mlete kwa miguu yake."

"Nikimpata, mama."

"Sijakuuliza kama utampata."

Alikwenda Tanga mara tatu. Mashamba mengine ya mkonge alikuta yamegeuka pori, mengine yamepandwa michungwa, na kambi za manamba zimebaki misingi tu. Aliuliza kwa vikongwe, aliuliza misikitini na makanisani, akapelekwa kwa watu wasiohusika. Harusi za mji wetu zilipigwa video na vijana wengine mwaka ule. Safari ya tatu alinipigia simu saa za mchana, anaongea kwa kunong'ona.

"Fundi, niko barazani kwake. Hapa Muheza. Ana uso wa baba mkubwa wako, kabisa. Ananimenyea chungwa."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Mwambie basi!"

"Ngoja amalize kumenya."

Dada yetu huyo alikuwa tayari bibi, mjane mwenye wajukuu. Mama yake alikwisha kufariki, na alikuwa amemkuza kwa kumwambia baba yake alikufa safarini. Mama Video alinisimulia kwamba alipoambiwa alishika kisu na chungwa bila kutikisika, akauliza kwa Kiswahili chao cha kule, "Babangu yu hai, ati?" Akauliza tena hivyo hivyo, kama anayezungumza na chungwa.

Ilimchukua miezi kadhaa kukubali kuja. Kabla hajafika, baba mkubwa alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na Kiswahili chote kikamtoka mdomoni, akabaki na Kinyaturu peke yake, nacho kwa shida. Binti yake hakujua hata neno moja la Kinyaturu. Kwa hiyo mama mkubwa aliniagiza nije niwe mdomo wa wote wawili, kwa kuwa wanae walikuwa wamesema hawana la kutafsiri.

Tulimpokea dada stendi, mimi na Mama Video, tukampeleka Mwankoko. Mama Video alisimama pale njia inapoacha barabara kuingia kwa baba mkubwa. Hakuwa na kitu mkononi.

"Kamera iko wapi?" nilimuuliza.

"Iko nyumbani."

"Umemtafuta zaidi ya mwaka mzima halafu…"

"Alinikataza kukanyaga kwake. Ingia, fundi, wanakusubiri."

Tulikaa ndani mpaka alasiri. Tulipotoka alikuwa bado kwenye jiwe la kando ya njia, amejifunika kitenge kichwani kwa ajili ya jua. Alituangalia macho, mimi na dada na mama mkubwa aliyetusindikiza. Akainuka, akakung'uta vumbi. Hakuuliza. Wiki ile alimpa mama mkubwa kila alichorekodi pale nyumbani, na mama mkubwa akakifungia kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo. Watu wa ng'ambo walipomwandikia wakitaka kazi ya manamba ikaonyeshwe kwao, aliwajibu kwamba kazi hiyo haipo. Wakaandika tena, akajibu vilevile.

Kwa miaka yote iliyofuata niliendelea kumshonea, na hakuwahi kuniuliza habari ya siku ile.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Manyoni. Alikuwa amehamia huko baada ya kuuza pikipiki, anaishi kwenye chumba cha kupanga jirani na stesheni, na sukari ilikuwa imemshika, miguu imevimba. Baba mkubwa tulikuwa tumeshamzika. Dada yetu wa Muheza alikuja kumzika akakaa mstari wa mbele na wenzake, na mpaka leo hututumia machungwa kwa basi kila msimu. Nilikuwa nimekwenda Manyoni kwenye ubatizo wa mjukuu wa rafiki yangu, nikaona haiwezekani nirudi bila kumwona.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda. Alifurahi sana, akamwita mama mwenye nyumba atuletee ugali na mlenda. Tuliongea habari za Mandewa, nani kajenga, nani kahama. Chakula kilipoletwa alininawisha mikono, kisha birika likabaki mkononi mwake.

"Fundi. Siku ile Mwankoko. Ndani kulikuwaje?"

Nikamwangalia. Alikuwa anaangalia birika.

"Mbona hukuuliza siku zote hizi?"

"Niliogopa nitalitaka jambo hilo. Nikilisikia tu, ningetaka kulitundika kwenye vitambaa. Sasa siwezi tena kubeba hata kamera. Niambie."

Nikamwambia. Nilimwambia baba mkubwa alikuwa amelala kitanda cha ukutani, mwanga wa dirisha ukimpiga upande mmoja. Dada aliingia akapiga goti, akasema shikamoo baba, na mzee hakuitikia, alimtazama tu kwa muda mrefu. Halafu akasema kitu, maneno yamevunjika, nikainama mpaka sikio likagusa ndevu zake. Alikuwa anauliza kama lile paa lilivuja.

"Paa gani?" dada aliuliza.

Mama mkubwa, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango, ndiye aliyeeleza. Miezi ile yote mzee alikuwa amemsimulia kila kitu. Siku alipoondoka kuja kumzika baba yake, chumba chao cha kambini kilikuwa kibovu upande wa kitanda, na alimwambia mkewe akirudi ataezeka upya.

Dada akasogea kwa magoti mpaka kitandani. Kisha akasema, "Lilivuja, baba. Mama alikuwa akinihamisha pembe hadi pembe, akinikinga kwa sinia. Alinihadithia mwenyewe."

"Ukamwambiaje mzee?" Mama Video aliniuliza.

"Nilimdanganya. Nilimwambia kwa Kinyaturu, anasema halikuvuja."

Mama Video aliweka birika chini.

"Mama mkubwa alinikazia macho lakini hakusema. Na baba mkubwa akanikatalia kwa kichwa. Akasema, nimemsikia. Kiswahili kilikuwa kimetoka mdomoni tu, masikioni kilikuwepo. Halafu akanyanyua mkono wake mzima, wa kushoto, akamwekea binti yake juu ya kichwa. Si kama anayebariki. Alibana vidole, akaulaza hivi, bapa, kama mtu anayemkinga mtoto na mvua. Akauweka hapo. Ukaanza kutetemeka maana hakuwa na nguvu, na hakutaka kuushusha. Basi mama mkubwa akatoka kule nyuma ya mlango, akaketi kitandani, akamshika kiwiko ili mkono usianguke."

"Mama mkubwa?"

"Mama mkubwa mwenyewe. Walikaa hivyo wote watatu. Mimi sikuwa na la kutafsiri, nikaangalia chini."

Machozi yalikuwa yanamtoka Mama Video na hakuyafuta. Uani kuku walikuwa wanapekua maganda ya karanga, na mama mwenye nyumba alipita na ndoo, akatuona, akaamua kupita upande wa pili.

"Akamshika kiwiko," alisema.

"Akamshika."

Akakata tonge, akalichovya kwenye mlenda, akaninyooshea mimi badala ya kula yeye.

"Kula, fundi," alisema. "Usije ukapanda basi na njaa."